Usitupe Mbachao: Reli ya Kusini na Hatima ya Vichwa vya Treni vya Dizeli

Reli ni kitu ambacho watu hukijenga kwa kudhani kuwa kitadumu. Hukatwa vilima, hufukiwa mabonde, hutandazwa mataruma na vyuma, na yote hayo hufanywa kwa imani kwamba wajukuu watakuja kuikuta njia pale pale. Katika Jimbo la Kusini la Tanganyika mambo hayakuwa hivyo. Huko reli ililetwa, ikafanya kazi, kisha ikang'olewa. Na mtoto aliyezaliwa Nachingwea mwaka 1949, wakati reli ilipofika, alikuwa hajatimiza miaka 15 ilipofungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Leo mzee wa Masasi aweza kuwasimulia wajukuu zake juu ya gari la moshi, nao wakamsikiliza kama wasikilizavyo habari za majini.

Kisa hiki chafaa kuelezwa upya, wala si kwa ajili ya watu wa kusini peke yao. Jambo lililotokea Masasi kwa reli nzima laelekea kutokea katika Afrika ya Mashariki yote kwa namna moja ya mashine, yaani vichwa vya treni vya dizeli vilivyoshika kazi baada ya vile vya mvuke. Vya mvuke vilipoondoka viliagwa, na baadhi yake vikatunzwa. Vya dizeli vinaondoka kimya kimya, kimoja baada ya kingine, kuelekea kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Ili kuyaelewa mambo haya mawili, yafaa kuanza na reli yenyewe.

Wazo la reli ya kusini ni la zamani kuliko reli hiyo. Wajerumani, walipoitawala nchi, walifikiri kujenga njia ya kutoka Kilwa mpaka Ziwa Nyasa, lakini fikira hiyo haikutimia. Iliyotimia ilizaliwa na njaa ya nchi nyingine. Baada ya vita ya 1939 hadi 1945 Uingereza ilikuwa na upungufu mkubwa wa mafuta ya kula. Mwaka 1946 Frank Samuel, mkuu wa United Africa Company, alitoa shauri kwamba karanga zilimwe kwa mashine katika mapori ya Afrika. Ujumbe ulioongozwa na John Wakefield, aliyepata kuwa mkuu wa kilimo Tanganyika, ulizunguka nchi mwaka huo huo, na mwaka 1947 serikali ya Uingereza ikakubali. Eneo lililokusudiwa lilizidi ekari milioni 3, na mahali palipochaguliwa Tanganyika ni Kongwa, Urambo na Nachingwea. Sehemu ya kusini ndiyo iliyokuwa kubwa kuliko zote katika karatasi za mpango.

Karanga za Nachingwea zilihitaji njia ya kufika baharini. Basi reli ikaanzwa Mkwaya, karibu na Lindi, ikafuata bonde la mto Lukuledi hadi Nachingwea. Wakati huo huo ilianza kujengwa bandari ya maji makuu Mtwara, na reli ikavutwa hadi huko. Lakini mwezi wa Januari 1951, kabla bandari haijakwisha, serikali ya Uingereza ilitangaza kuuacha mpango wenyewe. Ardhi ilikuwa ngumu, mvua haikuaminika, matrekta yalikuwa yamechoka kabla ya kufika, na fedha zilizopotea zilikadiriwa kuwa pauni milioni 36. Bandari ya Mtwara ilifunguliwa mwaka 1954, ikiwa na reli yake, kwa ajili ya zao lililokwisha kufa. Ni kama mtu aliyejenga ghala baada ya shamba kuungua.

Hata hivyo reli haikuachwa papo hapo. Iliwekwa chini ya shirika la reli na bandari la Afrika ya Mashariki, lililoundwa mwaka 1948, na mwaka 1958 tawi jipya likafikishwa Masasi. Masasi ulikuwa mji wenye historia yake kabla ya karanga na kabla ya chuma. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere, yule yule anayejulikana kwa wanafunzi wa Kiswahili kwa kazi yake juu ya sarufi ya lugha hii, aliwaleta huko watumwa waliokombolewa, nao wakafanya kijiji chini ya majabali makubwa ya mawe. Watu hao walitoka pwani kwa miguu. Wajukuu wao, miaka 82 baadaye, waliweza kushuka pwani wakiwa wameketi katika behewa.

Newala hali yake ilikuwa nyingine. Mji huo umekaa juu ya uwanda wa Wamakonde, na kutoka ukingoni mwake bonde la Ruvuma huonekana chini kama nchi ya watu wengine. Ardhi ya uwanda ni ya mchanga unaoyanywa maji yote ya mvua, na kwa vizazi vingi wanawake walishuka mabondeni kuteka maji na kupanda tena na mitungi kichwani. Reli nayo ilibaki bondeni. Mtu wa Newala aliyetaka kusafirisha mzigo alipaswa kwanza kuushusha, kama alivyoshuka kutafuta maji.

Hapo ndipo kinyume kikubwa cha kisa hiki kilipo. Zao la wageni lilishindwa, na zao la wenyeji likastawi. Mikorosho, iliyopandwa na wakulima wenyewe kwa jembe la mkono bila trekta wala pauni milioni moja, ilienea Newala na Masasi mpaka sehemu hizo zikajulikana kwa korosho duniani kote. Mzigo ambao reli iliungojea tangu 1949 ulikuwa ukikua polepole juu ya uwanda. Lakini mti wa matunda hauhesabu miaka kama karani wa hesabu ahesabuvyo. Reli ya kusini ilikuwa haikuungana na reli ya kati hata kidogo. Kila kichwa na kila behewa vilifika kwa meli, na mizigo iliyopatikana haikutosha kulipa gharama. Muda mfupi baada ya uhuru wa 1961 njia ikafungwa na vyuma vikang'olewa. Korosho zilipokuja kwa wingi, zilikuta barabara ya vumbi na malori.

Ni nini kilichobaki? Jibu moja lapatikana Mtwara, nalo ni neno. Katika manispaa ya Mtwara Mikindani iko kata iitwayo Reli, katika mji usio na reli. Lugha imekitunza kile ambacho karakana haikukitunza. Vivyo hivyo watu wa Tanzania huendelea kusema gari la moshi, jina lililotokana na moshi wa tanuru la mvuke, ingawa kwa zaidi ya nusu karne linalovutwa ni gari la dizeli, na sasa hata la umeme. Jina latangulia mashine na jina labaki nyuma yake. Lakini jina peke yake halitoshi kumfundisha mwanafunzi jinsi kitu kilivyofanya kazi, nani alikiendesha, kilivuta nini, na kwa nini kilishindwa.

Wakati reli ya kusini ilipokuwa ikikaribia mwisho wake, dizeli ilikuwa ikiingia katika njia kubwa za kaskazini. Miaka ya 1955 na 1956 shirika lilikuwa limepokea kutoka kiwanda cha Beyer Peacock, Manchester, vichwa 34 vya mvuke vya aina ya Garratt, vya kundi la 59, kila kimoja kikiwa na uzito wa tani 250 na zaidi. Vilikuwa miongoni mwa vichwa vya mvuke vikubwa kuliko vyote vilivyopata kutembea katika njia yenye upana wa mita moja. Lakini mwaka 1960 vilianza kuletwa vichwa vya dizeli vya English Electric, vya kundi la 90, lililoitwa baadaye kundi la 87, vyenye nguvu za farasi 1,840.

Kazi ya kichwa cha namna hii yafaa kuelezwa kwa ufupi. Ndani ya mtungi wa injini hewa hubanwa kwa nguvu mpaka ikawa moto; mafuta yakipulizwa humo huwaka yenyewe bila cheche. Nguvu hiyo haiendi moja kwa moja kwenye magurudumu. Huzungusha jenereta, na umeme upatikanao hulisha mota zilizofungwa kwenye ekseli. Kwa hivyo kichwa cha dizeli ni kama kituo kidogo cha umeme kinachotembea. Hakihitaji kuwashiwa moto saa nyingi kabla ya safari, wala hakihitaji matangi ya maji kila baada ya masafa machache, jambo lililokuwa na thamani kubwa katika nchi kavu ya katikati ya Tanganyika.

Faida hizo ndizo zilizokiondolea kichwa cha dizeli mapenzi ya watu. Kichwa cha mvuke huonyesha kazi yake hadharani: mikono ya chuma husukuma magurudumu, moshi hupanda, mvuke hulia. Cha dizeli ni sanduku la bati lenye kelele, na kazi yake yote imefichwa. Shirika lenyewe lilivipa vichwa vya mvuke majina ya heshima. Vya kundi la 59 viliitwa kwa milima, na vya makundi mengine vikaitwa kwa makabila. Vya dizeli vilijulikana kwa namba tu.

Mwaka 1971 shirika lilifungua makumbusho ya reli Nairobi, nayo yapo mpaka leo. Mtanzania aingiaye humo hukuta majina ya kwao: Mount Gelai, mlima ulio karibu na Ziwa Natron, Mount Shengena, mlima wa Upare, na Nyaturu, watu wa Singida. Ni jambo la kushukuru. Shirika lilipovunjika mwaka 1977 na kila nchi ikachukua mali yake, mkusanyiko huo ulibaki Kenya, na Tanzania haikujenga wa kulingana nao. Tena mkusanyiko huo, kwa sehemu yake kubwa, ni wa mvuke. Zama za dizeli, zilizochukua miaka mingi ya uhuru wa nchi zote tatu, zina nafasi ndogo.

Asidhani mtu kwamba huu ni uzembe wa Waafrika. Uingereza, nchi ijisifuyo kwa kutunza reli zake, ilifanya hivyo hivyo. Mwaka 1947, mwaka ule ule wa mpango wa karanga, karakana ya Derby ilitoa kichwa cha kwanza cha dizeli cha njia kuu katika nchi hiyo, namba 10000, na injini yake ilitengenezwa na English Electric, kampuni iliyokuja kuiuzia Afrika ya Mashariki vichwa vyake. Kichwa hicho kilikatwakatwa mwaka 1968. Wakati huo huo Waingereza walikuwa wakichangishana fedha kuokoa vichwa vya mvuke. Katika uwanja mmoja wa vyuma chakavu, huko Barry, viliokolewa 213. Cha kwanza cha dizeli hakikupata mtetezi. Baadaye kimeundwa chama cha kujenga mfano wake upya, kwa gharama kubwa kuliko ambayo ingehitajika kukiweka cha asili chini ya paa.

Tanzania inayo nafasi ya kutokosea kosa hilo, lakini nafasi hiyo yazidi kuwa fupi. Mfano ulio wazi ni TAZARA. Reli hiyo ya kilomita 1,860, kutoka Dar es Salaam mpaka Kapiri Mposhi, ilijengwa kwa msaada wa China kati ya 1970 na 1975, ikakabidhiwa mwaka 1976. Vichwa vyake vya kwanza vilitoka Qingdao, navyo vilikuwa vya aina iitwayo Dongfanghong, yaani Mashariki ni Nyekundu. Tofauti na vile vya English Electric, hivi havikutumia jenereta na mota. Nguvu ya injini ilipitishwa kwa mafuta yanayozungushwa kwa kasi ndani ya kasha, nayo mafuta yakazungusha mitambo ya magurudumu. Vilipata taabu katika milima ya kati ya Mlimba na Makambako, na mapema katika miaka ya 1980 vilianza kuongezewa vichwa vya dizeli na umeme kutoka Ujerumani Magharibi.

Mtu aweza kuuliza: kama vilishindwa na milima, vya nini kuvitunza? Lakini historia haitunzi washindi peke yao. Kichwa kimoja cha Dongfanghong hueleza mambo mengi kuliko hotuba: urafiki wa Tanzania, Zambia na China, nia ya kuiokoa Zambia na bandari za wakoloni wa kusini, ujuzi wa mafundi vijana waliojifunza kazi ngeni kwa wakalimani, na mipaka ya ujuzi huo. Gongo la Mboto, Dar es Salaam, pana makaburi ya wataalamu wa Kichina waliofariki katika kazi hiyo, nayo yanatunzwa kwa heshima. Watu wamekumbukwa. Mashine walizozileta hazijapewa kibanda. Mwaka 2025 ulitiwa saini mkataba wa miaka 30 na kampuni ya Kichina wa kuifufua TAZARA kwa fedha zipatazo dola bilioni 1.4, na vichwa vipya vitakuja. Kila vipya vijapo, vya kale hupoteza hata nafasi ya kuegeshwa.

Sheria nayo haisaidii sana. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 hupima ukale kwa miaka ya karne ya 19, na kitu cha baadaye hakipati ulinzi mpaka kitangazwe. Kwa kipimo hicho kichwa cha treni cha dizeli si cha kale, na hakitakuwa cha kale kamwe. Mbele ya mhasibu ni chuma, na chuma kina bei kwa kilo.

Tena kutunza kichwa cha dizeli ni kazi ngumu kuliko kutunza cha mvuke. Cha mvuke ni chuma kinene. Hata kikiwekwa nje hudumu miaka mingi. Bati la cha dizeli ni jembamba na hushika kutu upesi. Mipira huoza, ngozi za nyaya hupasuka, mafuta hukauka, na vipuri vyake hunyofolewa kwa ajili ya ndugu zake walio kazini, hata kikabaki kasha tupu. Kwa hiyo asemaye kwamba nchi yenye mahitaji ya maji na dawa haiwezi kutunza vichwa vingi asema kweli. Akina mama wa Newala, waliojua uzito wa mtungi, wasingelaumiwa kama wangelitaka bomba kabla ya makumbusho.

Lakini hakuna aombaye vingi. Panahitajiwa kimoja cha kila aina kuu, kiwekwe chini ya paa kikiwa kizima, kabla hakijanyofolewa. Pamoja nacho ziwekwe karatasi zake: daftari za karakana, ratiba, ramani na vitabu vya mafundi. Na kuliko yote zirekodiwe sauti za madereva, mafundi na makuli wa stesheni wangali hai. Maneno yao ya kazi, ambayo mengi hayamo katika kamusi yo yote, ni hazina ya Kiswahili. Idara za Kiswahili za vyuo vikuu zaweza kuifanya kazi hiyo bila kununua hata msumari mmoja.

Kwa kusini, ambako hakuna kichwa cha kukitunza, kazi hii ndiyo pekee iliyobaki. Njia ya zamani ya bonde la Lukuledi yaweza kupimwa na kuchorwa; mahali pa stesheni paweza kuwekewa alama; wazee wa Masasi waliopanda lile gari katika utoto wao, ambao sasa wamepita miaka 70, waweza kuulizwa. Nao ukumbusho huo una faida ya leo. Serikali ina mpango wa reli mpya kutoka Mtwara mpaka Mbamba Bay, yenye matawi ya kwenda kwenye makaa ya mawe ya Mchuchuma na chuma cha Liganga. Wapangaji wake wangefaidika kujua kwamba kusini palikuwa na reli iliyojengwa kwa zao moja lililopangwa na watu wa mbali, ikang'olewa wakati zao la wenyeji lilipokuwa likikua juu ya uwanda. Pauni milioni 36 ni ada kubwa kwa somo moja; kulisahau somo hilo ni kuilipa ada mara ya pili.

Wahenga walisema: usitupe mbachao kwa msala upitao. Mbacha ni mkeka uliochakaa, na msala ni mkeka mzuri wa kusalia. Na wahenga hawakukataza kuupenda ulio mpya. Treni za umeme zilizoanza safari kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024 ni msala mzuri, nazo zinastahili kusifiwa. Lakini hata zenyewe zitachakaa siku moja, na watakaozirithi watatazama jinsi vichwa vya dizeli vilivyotendewa, wapate kujua na vya umeme navyo vitendewe vipi.